Nane ya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kengele alikisukuma kiti chini ya meza, akaukunja mkeka wa plastiki uliokuwa mbele ya kitanda, akavua saa na kuiweka juu ya kabati mahali ambapo isingeanguka. Kisha alifunga kamba za viatu, cha kushoto kwanza, halafu cha kulia, fundo juu ya fundo. Viatu vilikuwa safi mno. Soli zilikuwa bado na vinundu vyake vyote, kama vya dukani, na hilo lilimuuma, kwa sababu kiatu cha mazoezi kinachokaa safi ni kama sufuria inayokaa safi: ukiiona unajua kwamba nyumba hiyo hawali.

Chumba kilikuwa ghorofani, kwa mama mmoja aliyekodisha wanafunzi wageni. Kilikuwa na dirisha moja, kitanda, meza, kabati la milango miwili na taa iliyoning'inia kwa waya. Nyuma ya mlango mama mwenye nyumba alikuwa amebandika karatasi: hakuna kuruka, hakuna kuimba, hakuna kukanyaga kwa kisigino. Siku Kengele alipohamia, alimweleza kwa upole huku akiionyesha sakafu kwa kidole.

"Sakafu yako, binti, ni dari ya mwenzio. Ukiruka wewe, taa yake inacheza."

"Nimeelewa, mama."

"Wa kabla yako naye alisema ameelewa."

Basi Kengele alisimama katikati ya chumba, viatu mguuni, mikono kiunoni, akangoja. Mwili haukufanya kitu. Alipochoka kungoja alivua viatu, akatandika mkeka, akaenda chuoni, ambako alikuwa akisomea ujenzi wa majumba.

Kwao alikuwa hasimami bure. Daktari alimwambia bibi yake, "Mama, una sukari. Tembeza hiyo miguu, maana ukiikalia nayo itakukalia." Bibi alikubali pale pale, na kesho yake akalala hadi jua kali. Ndipo Kengele, wakati huo bado msichana wa shule, alipoanza kumgongea dirisha alfajiri. Fundi cherehani wa jirani akasikia, akaja kwa ajili ya mgongo wake. Mwalimu mstaafu akaja kwa ajili ya kitambi. Mama muuza mkaa naye akaja, ingawa alibeba magunia kutwa, kwa sababu, alisema, kubeba magunia si mazoezi, hakuna kucheka ndani yake. Kengele aliwapitia wote, dirisha kwa dirisha, akigonga kwa kifundo cha kidole, na jina lake la shuleni likasahaulika.

Uwanjani, nyuma ya shule, alisimama mbele na kuwaelekea. Huo ndio ulikuwa utaratibu: mwenye kuhesabu huwapa uso wanaohesabiwa, wala hawapi mgongo. Akisema "Moja!" wote wanainua mguu na kuitikia "Imo!" Mbili, imo. Tatu, imo. Mguu unabaki juu, mapaja yanatetemeka, fundi cherehani anamwita mama yake, mwalimu anasingizia mwiba. Ni nane peke yake iliyoushusha mguu. Bibi alikuwa mkali kwa hilo kuliko wote.

"Wewe mwalimu, mguu haushuki bila nane. Au kwenye darasa lako saba ilikuwa ndiyo mwisho?"

Baada ya hapo walikimbia polepole hadi kwenye birika la maji na kurudi, Kengele mbele, bibi nyuma, wengine katikati wakisengenya. Mwili wa Kengele ulikua hivyo, kwa sauti yake mwenyewe na kwa "Imo!" ya watu wanne. Ulipofika ugenini na kukuta kimya, ulikaa kama punda ambaye hajaambiwa twende.

Chuoni palikuwa na ukumbi wa mazoezi, na haukuwa mbaya. Watu walikimbia juu ya mikanda isiyokwenda popote, masikio yamezibwa, macho kwenye vioo. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa peke yake. Kengele alimwendea mtunza ukumbi.

"Samahani kaka, hapa nani anahesabu?"

"Mashine inahesabu."

Mashine ilihesabu kimya kimya, kwa namba nyekundu. Mwili wa Kengele ulizitazama zile namba kama mbuzi anavyotazama kibao cha barabarani. Alipojisaidia kwa kusema "Moja!", ukumbi mzima ulitoa vizibo masikioni na kumgeukia. Mtunza ukumbi alimkunjia taulo vizuri, akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu.

Basi akajaribu bustani. Ilikuwa bustani kubwa yenye njia ya kokoto, na wakimbiaji walipita humo tangu kunapopambazuka. Kengele alianza taratibu, akijihesabia chini ya pumzi. Hakufika kwenye kona ya kwanza. Mlinzi wa bustani alimsimamisha kwa kiganja.

"Dada, unakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi."

"Nimekuuliza unakimbia nini."

"Sikimbii kitu, kaka. Mbona wale wanakimbia?"

Mlinzi aliwatazama wale. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. "Wale ni wa hapa. Tunajua wanakokimbilia. Wewe unakokimbilia hakujulikani."

Alirudi siku nyingine, na nyingine tena. Mama mmoja mwenye mbwa alikumbatia mkoba. Mara ya mwisho walimkalisha kwenye kibanda cha walinzi hadi mshauri wa wanafunzi wageni alipokuja kumchukua. Mshauri alimnunulia chai, akamkorogea sukari mwenyewe.

"Umekuja kufanya nini huku, mwanangu?"

"Kusoma."

"Basi kaa usome. Kukimbia utakimbia kwenu. Nakwambia kwa usalama wako."

Kesho yake Kengele alikunja mkeka, akafunga kamba, akaamua kujihesabia chumbani kwa sauti ndogo. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyetoka katika uwanja ule. Kwa mazoea alisimama kichwani mwa chumba, mgongo dirishani, akaupa uso ukuta.

"Moja," alisema.

Ukuta ukaitikia. Haukusema "Imo," maana ulikuwa wa matofali, lakini ulivuta pumzi, na pembe ya kulia ya chumba ikainuka kidogo kutoka sakafuni. Mbili, tatu. Chumba kilikuwa kizito na hakijawahi kufanya kazi hata siku moja. Viungo vyake vililia kama bawaba. Kwenye tano taa ilianza kutetemeka. Kwenye nane pembe ilishuka taratibu, bila kishindo, na mpangaji wa chini hakusikia kitu. Kengele alitazama chokaa ya ukutani. Ilikuwa imetoka jasho. Alichukua taulo akaufuta ukuta kuanzia juu, kama mtu anavyomfuta mwenzake mgongo, kisha akawahi darasani.

Akadhani ni ya siku moja. Lakini chumba kilikuwa kimenogewa. Alfajiri iliyofuata kilimwamsha chenyewe kwa kugongagonga mlango wa kabati. Alipokaa kimya kiligonga zaidi, hadi mama mwenye nyumba akagonga naye kutoka upande wa pili, na Kengele akaona heri ahesabu. Kabati lilijifunza kuchuchumaa. Kitanda kilinyoosha miguu, mmoja mmoja. Baada ya muda nyufa za dari zilijifunga, dirisha lililokuwa likikwama likafunguka kwa kidole, na chumba kikapata rangi nzuri.

Na siku moja, baada ya nane, hakikutulia. Kilijichomoa kwenye nyumba kama droo inavyochomolewa kwenye meza, kikashuka ngazi za nje, kikatoka barabarani. Kengele aliketi kitandani na kuushika ukingo. Kilikimbia vizuri, bila haraka, kikipita kwenye kituo cha basi, duka la dawa na kona ya msuka nywele. Mpeleka maziwa alikipisha. Bustanini, mlinzi wa siku zote aligusa kofia.

"Hongera!" alikiambia chumba. "Naona umeanza kupungua."

Kengele alifungua dirisha. "Kaka! Nishushe hapa na mimi nikimbie nacho."

"Aa, dada, tulia humo ndani. Usikisumbue, kitakata pumzi."

"Mbona chenyewe hukiulizi kinakimbilia wapi?"

"Hiki?" Mlinzi alicheka. "Hiki nakijua tangu nikiwa mdogo. Ni chumba cha hapa."

Kilizunguka njia yote ya kokoto, hata pale kwenye kona ambapo yeye hakuwahi kufika. Wakimbiaji wengine walikipungia mkono. Kisha kikarudi, kikapanda ngazi, kikajisukuma mahali pake, kikahema hadi saa ya kwenda chuoni. Kengele hakuwa ametoka hata tone la jasho.

Mtu akifanya mazoezi kila siku hupungua, na chumba nacho ni hivyo hivyo. Mwanzoni kiti kilikosa mahali pa kurudi nyuma. Halafu mlango wa kabati ukawa unafunguka nusu, na nguo ikabidi zivutwe kwa mkono mmoja kama mtu anayemzalisha mbuzi. Kengele alimwita mama mwenye nyumba, ambaye alikuja na kamba ya kupimia, akapima, akafurahi. Kwenye ujia palikuwa pamepatikana nafasi ambayo aliitaka siku nyingi kwa ajili ya kuweka viatu.

"Mama, mimi sipati hata pa kugeukia."

"Mimi, binti, nilikukodisha chumba. Upana sikukukodisha." Aliupapasa ukuta kwa kiganja. "Tazama kilivyokaza. Wa kabla yako alikiacha kama godoro la wagonjwa."

Mwalimu wake wa ujenzi, alipoulizwa, aliuliza kama nguzo zimepinda. Hazikuwa zimepinda. Akasema basi hakuna kosa la ujenzi, chumba kinachokimbia ni mambo ya mpangaji.

Kengele aliongea na bibi kwa simu kila asubuhi, maana alfajiri za kule na kwao hazikupishana sana.

"Mke mwenzangu, umekula?" Ndivyo bibi alivyomwita tangu akiwa mtoto, kwa kuwa mjukuu na bibi ni wake wa mume mmoja, na mume mwenyewe alikuwa marehemu.

"Nimekula, bibi. Wewe umetoka kufanya mazoezi?"

"Nani huyo anahema hapo? Una mtu?"

"Ni chumba, bibi. Kimetoka kukimbia."

"Bahati yake. Mimi miguu imekuwa kama mito ya kulalia. Kiatu kimenikataa, natembea na ndara za marehemu babu yako."

Uwanja ulikuwa umevunjika. Siku za kwanza fundi cherehani alijaribu kuhesabu, lakini akifika tatu alitafuta chaki. Mwalimu mstaafu alihesabu vizuri ila alisahihisha watu. Bibi alijihesabia mwenyewe akaacha, kwa sababu anayehesabu na anayehesabiwa hawawezi kuwa mtu mmoja, ni kama kujikuna mgongo kwa fimbo ya kuazima. Daktari alikuwa ameiona miguu yake na kunyamaza, na bibi aliijua maana ya daktari kunyamaza.

"Weka simu dirishani, bibi, niwahesabie kutoka huku."

Bibi aliwaita wenzake. Walipanga mstari chini ya dirisha. Kengele alisema "Moja!" kwa sauti yake ya uwanjani, bila kujali karatasi ya mlangoni. Pembe ya chumba ikainuka. Alihesabu yote hadi nane, na chumba kikafanya yote hadi nane.

"Bibi?"

"Nipo. Mbona huanzi? Nasikia mtu anahema tu."

Hesabu haikuwa inatoka. Chumba kilikuwa kikiichukua yote, kama mtoto mlafi anayekula akiwa amesimama mlangoni, na simu ilipata pumzi peke yake. Kengele alijaribu kujifunika shuka, akajaribu kuingiza kichwa kabatini. Kabati lilichuchumaa.

Ilibidi ahesabie nje, na nje palipowezekana kupaza sauti ilikuwa bustanini. Alimwambia bibi kwamba kesho wajipange mapema. Alfajiri aliteremka ngazi kabla chumba hakijaamka, akatembea, hakukimbia, asije akaulizwa anakimbia nini. Alisimama kwenye majani, akashika simu mbele ya mdomo, akaelekea upande ambao kwao kuko.

"Moja!"

Kwa mbali, ndani ya simu, ndara za babu ziliburuzika. "Imo!" Zilikuwa sauti nne, na ya mama muuza mkaa ilicheka. Kengele alihisi mguu wake mwenyewe ukiinuka kutoka majanini, bila kulazimishwa, na shingo yake ikapata joto.

"Mbili!"

"Imo!"

"Tatu! Mwalimu, nakuona!"

"Anakuona vipi huyu?" mwalimu alisema kule.

Kwenye nne jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kwenye tano lilifika kwenye nyusi. Kwenye sita wakimbiaji wawili walisimama. "Saba!" alisema, na "Imo!" ilipokuja, kiganja cha mlinzi kilikuwa tayari juu ya simu.

"Dada. Unahesabu nini?"

"Namhesabia bibi yangu. Kaka, nipe moja tu, imebaki moja."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Kwetu."

"Haonekani." Mlinzi alitazama huku na huku kwa haki kabisa. "Mtu anasimama kwa mguu mmoja, anapiga kelele za namba, na anayehesabiwa haonekani. Mimi nitaandika nini?"

"Tafadhali. Mguu wake uko juu."

Wakati huo chumba kilitokea kwenye kona, kikikimbia kwa mwendo mzuri, mlango wazi. Kilikuwa kimeamka na kumkosa. Mlinzi aligusa kofia, akamshika Kengele kiwiko bila kumuumiza, akamwingiza ndani, akamrudishia simu kupitia dirishani.

"Nane!" alipiga kelele Kengele. Pembe ya chumba ikashuka. Simu ikahema.

Mshauri wa wanafunzi, mama mwenye nyumba na mlinzi walikutana wakaelewana haraka, kwa kuwa wote walimtakia mema. Tangu siku ile chumba kinampeleka Kengele chuoni na kumsubiri mlangoni, na jioni kinamrudisha, hivyo barabara haigusi kwa mguu. Siku moja alijaribu kuisema nane chooni, chuoni, kwa kunong'ona, maana kuna wanaosoma. Bibi aliisikia.

"Imefika, mke mwenzangu, lakini imefika nyepesi. Haikushusha."

"Na wenzako?"

"Wapo. Fundi anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, anasema mshono umenyooka kuliko mwanzo. Mwalimu ameweka wake juu ya stuli na kutangaza kuwa ni ushauri wa daktari. Mama mkaa anapimia wateja kama korongo. Tumezoea."

"Wewe je, bibi?"

"Huu ulio juu umenywea, umekuwa wa msichana. Tatizo ni huu uliobaki chini. Unabeba mzigo wa wawili. Wamenishauri niushushe tu. Nikawaambia haushuki bila nane. Usiharakishe. Soma kwanza."

Chumba sasa kina upana wa mabega yake. Kitanda kimesimama wima, naye hulala amekiegemea. Meza huiweka mapajani. Akivuta pumzi chumba kinatoa, akitoa chenyewe kinavuta, la sivyo hawaenei. Mama mwenye nyumba amepanga viatu vyake vyote ujiani na bado kuna nafasi.

Nane ya bibi Kengele ameiweka chini ya ulimi. Haisemi kwa mtu yeyote, isije ikaliwa. Darasani mwalimu wa ujenzi alimuuliza jumba lile la ubaoni lina nguzo ngapi; Kengele akaziona, akazihesabu kwa macho, akakaa kimya. Mwalimu alimwekea kosa. Dukani akitaka mayai manane anachukua sita.

Alfajiri chumba kikigonga, anafunga kamba za viatu vyake visafi, cha kushoto kwanza, na kuupa uso ukuta ulio mbele ya pua yake. Kwa kuwa nane haitoki, chumba kimejifunza kukimbia bila hiyo, na kina kilema kidogo katika mwendo, kama mtu anayeruka dimbwi dogo kila baada ya hatua chache. Wakimbiaji wawili watatu wameshaanza kukiiga. Mlinzi wa bustani hugusa kofia.

"Mwendo mzuri!" anakiambia.

"Sita," anasema Kengele ndani. "Saba."

Anafunga mdomo. Chumba kinaruka.

"Tisa."